Mikono Katika Unga wa Moto

Tarehe tatu mwezi wa tano mwaka jana, siku ya Sabato, tulimpoteza binti yetu. Alikuwa na miaka sita. Alifia kwenye benchi la hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake, mimi nikiwa kwenye foleni ya kuulizia damu. Kabla sijafika dirishani mke wangu aliniita mara moja, kwa sauti ile ile anayoniitia chakula kikiwa tayari. Nikajua.

Karatasi tuliyopewa ilisema malaria na upungufu wa damu. Hakuna aliyeshangaa. Huku kwetu, kati ya ziwa na mpaka wa Tanzania, ukisema mtoto amekufa kwa malaria watu hutikisa kichwa na kuuliza mazishi ni lini. Siku ile hata mimi sikushangaa. Kushangaa kulikuja baadaye, polepole, na mpaka leo hakujaniisha.

Ninaendesha mashine ya kusaga nafaka sokoni Kosele. Si yangu, ni ya mtu anayeishi Nairobi. Shule niliishia darasa la nane. Mimi ni Mjaluo, na mke wangu ni Mkuria wa upande wa Isebania, kule Migori. Yeye hakukijua Kijaluo tulipokutana na mimi Kikuria sikijui hadi leo, kwa hiyo nyumba yetu ilianza kwa Kiswahili na imeendelea hivyo. Binti yetu alilia kwa Kiswahili na tukamlilia kwa Kiswahili. Ndiyo maana ninaandika kwa lugha hii, ingawa si ya mama yangu wala ya mama yake.

Siku ambazo mtoto hakwenda shule alikuwa akishinda nami kwenye mashine. Siku hizo zilikuwa nyingi kwa sababu miguu ilikuwa ikimuuma, hasa wakati wa mvua. Hakuwa mtoto wa kukimbia. Wasichana wenzake walipocheza mpira wa kati uwanjani, yeye alikuwa akiwatazama akiwa amekaa juu ya gunia. Alichokipenda ni unga. Unga ukitoka kwenye mashine huwa wa moto, na unatoka kwa nguvu kupitia mfuko wa kitambaa hadi kwenye karai. Yeye alikuwa akisogea pale, anazamisha mikono mpaka karibu na viwiko, halafu anafumba macho.

"Fundi!" wanawake walikuwa wakipiga kelele kushinda mashine. "Mwambie binti yako huo unga tunakula!"

"Ananawa tu, mama."

"Ananawa kwenye ugali wangu? Basi jioni aje aule, undugu ukamilike!"

"Mwache," mwingine alikuwa akisema. "Wewe mwenyewe jana uliuanika njiani kuku wakautembelea. Mikono ya mtoto ndiyo itakuua?"

Walicheka, na mimi nilicheka. Niliona ni mchezo wa mtoto.

Mwenye mashine alikuja mazishini kwa gari lake, akaleta mchele na sukari, akakaa nami nyuma ya nyumba kwenye viti vya kukodi. Ni mtu mwema na ana haraka ya watu wa Nairobi.

"Pole sana, ndugu yangu," aliniambia. "Hivi, mlimpima sikoseli?"

"Ni nini hiyo?"

"Ugonjwa wa damu. Kwenye redio wanauita selimundu. Mjukuu wangu alipozaliwa kule, walimtoboa kisigino kabla hajatoka wodini. Wakasema ana nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu ya huo ugonjwa. Haimdhuru. Ila walimwambia mwanangu, huyu akikua asizae na mwenye nusu kama yake bila kujua." Akatazama saa, akainuka. "Uliza hospitali. Wanajua."

Wageni waliondoka na mimi nikabaki na hiyo nusu. Niliibeba wiki nzima. Nilijiuliza mtu anawezaje kuwa na nusu ya ugonjwa, na hiyo nusu nyingine iko wapi. Nilijiuliza pia kuhusu kile kisigino. Binti yangu alikuwa ametobolewa kidole mara nyingi sana katika miaka yake sita. Kila mara damu yake iliulizwa swali moja tu, kama ina malaria au haina. Mara nyingine ilikuwa nayo. Mara nyingine haikuwa nayo na tulipewa dawa ya malaria hata hivyo. Mtoto wa Nairobi, ambako malaria yenyewe ni ya kubeba kutoka safari, aliulizwa swali la pili kabla hajapewa hata nguo zake.

Sikumwambia mke wangu neno hilo mapema. Tulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, ambaye dada yake alipokufa alikuwa na miezi minne. Nilikuwa nikimtazama akilala na kujiuliza kitu kimoja: je, na huyu?

Hapa lazima nieleze jambo la majina, kwa sababu lilihusika na kila kitu.

Kwetu mtoto mchanga akilia sana na kukataa titi, wazee husema kuna marehemu anayetaka kuitwa. Bibi humchukua mtoto, hukaa naye mlangoni, na huanza kuwataja waliotangulia, mmoja mmoja. Ni wewe, baba wa mume wangu? Ni wewe, uliyezama ziwani? Mtoto akinyamaza kwenye jina fulani, basi ni huyo, na mtoto analibeba jina lake. Mimi mwenyewe nilipata jina langu hivyo. Mchungaji wetu hapendi habari hizi, lakini mama yangu husema mchungaji naye alinyamazishwa hivyo hivyo, na yeye alikuwepo siku hiyo.

Binti yetu alipofikisha miezi minane alianza kulia, mikono na miguu ikafura. Mama yangu akampakata mlangoni, akaita, mtoto akanyamaza kwenye jina la shangazi ya baba yangu. Tukafurahi. Baada ya wiki chache akalia tena. Mama akasema shangazi huyo alikuwa mtu wa kutembea na wenzake, huenda amekuja na mmoja. Akaita, akapata jina la pili. Kisha la tatu. Alipoanza shule, mwalimu alimwuliza mke wangu aandike jina gani kati ya hayo yote.

"Huyu mtoto amebebeshwa makaburi yote ya ukoo wenu," mke wangu alimwambia mama yangu siku moja, wakati ambapo bado tulikuwa tunatania.

"Nyar Migori," mama alimjibu. Hivyo ndivyo anavyomwita, binti wa Migori. "Kwani wafu wenu hawataki majina?"

"Wetu wamelala, mama. Ni wenu ndio hawalali."

"Wenu wamechoka kwa kufukuzana na ng'ombe. Wacha walale."

Mwezi wa nane mwaka jana, asubuhi, niliona mke wangu akija kwenye mashine na mtoto kifuani badala ya mgongoni. Nilizima injini kabla hajafika. Wanawake waliokuwa kwenye foleni hawakulalamika.

"Tazama mikono yake," alisema.

Vidole vilikuwa vimefura na kung'aa, kama ndizi ndogo zile tunazoita sukari. Mtoto alikuwa akilia kilio cha kukwaruza, cha mtu ambaye amelia tangu alfajiri. Nyuma yake alifika mama yangu, akihema, na kopo la samli mkononi.

"Nimemwambia alete nimshike, amenikimbia," mama alisema. "Ananikimbia mimi!"

"Sijakukimbia, mama. Nimekuja kwa baba yake."

"Mtoto anaitwa. Wewe unasikia anavyolia?"

Mke wangu alisimama katikati ya magunia akamtazama mama yangu usoni, jambo ambalo huwa halifanyi. "Usimwite dada yake," alisema.

Mama alirudi nyuma hatua moja. "Nani amesema namwita dada yake? Watoto hatuwaiti. Mtoto hapewi jina la mtoto aliyekufa, yule wa kaburini atamtamani mwenzake." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ningemwita mtu mzima."

"Usimwite mtu yeyote. Mshike, mpake mafuta yako, mfanyie yote unayofanyaga. Lakini usitaje mtu. Kwanza apimwe."

"Na asiponyamaza?"

"Alie."

Nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu habari za ile nusu, na nilijua ameshinda nayo kama mimi. Mama alikaa juu ya gunia la mtu, akaweka kopo la samli juu ya bomba la injini ambalo bado lilikuwa la moto, akangoja iyeyuke. Akaisugua viganjani. Akashika vile vidole, kimoja kimoja, akavisugua polepole, kisha akamfunika mtoto ndani ya leso kifuani pake na kuanza kuyumba. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa. Nilimwona mara mbili akitaka kuifungua.

Kwenye foleni kuna aliyepukuchua mahindi ya kuchoma na kusahau kuyala.

Kilio kilipungua, kikawa kwikwi, kikaisha. Mtoto alilala, mdomo wazi.

Mama aliinua uso akanitazama. "Amenyamaza," alisema. "Na sijamwita mtu."

Alionekana kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango aliofunga uko wazi. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akishangaa. Na mimi, nisiseme uongo, huzuni yote niliyokuwa nayo ilisogea pembeni kidogo ikampisha yule mvulana wa darasa la nane aliyependa kipindi cha sayansi. Kama si jina lililomnyamazisha, ni nini?

Tulimpeleka zahanati. Muuguzi alitazama vidole, akatazama macho, akasema hapo hawana kipimo cha ugonjwa huo, twende hospitali. Hospitalini tulionana na daktari wa kliniki, kijana mpole mwenye sauti ya mtu wa Kisii, akasema dawa ya kipimo imeisha, turudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata dawa ilikuwa haijaja. Mara ya tatu walimtoa mtoto damu na kuituma mahali pengine, wakasema majibu yatachukua muda. Daktari alituuliza swali moja kabla hatujatoka: "Kwenu kuna watoto waliokuwa wakiugua hivi? Upande wa baba, upande wa mama?"

"Kwetu hapana," mama yangu alisema haraka. Alikuwa amekataa kubaki nyumbani.

"Kwetu pia hapana," mke wangu alisema.

"Waulizeni wazee," daktari akasema.

Basi tulipokuwa tukingoja majibu tulikwenda Isebania kumwuliza mama mkwe wangu. Hilo si jambo rahisi. Kwetu na kwao, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wala hawatazamani. Nimemwoa binti yake miaka tisa na sijawahi kula alipo. Nilipewa kiti nje, chini ya paa la ghala. Yeye alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa udongo. Mke wangu alisimama mlangoni pa jiko, katikati yetu, akibeba maneno.

"Muulize mama kama kuna mtoto wa kwenu aliyekuwa akivimba mikono."

Kikuria kilienda, Kikuria kikarudi. "Anasema hakuna."

"Aliyekuwa na macho ya manjano?"

"Anasema huyo alikuwa wa dada yake, na alirogwa."

"Na aliyekuwa akilia miguu wakati wa mvua?"

Safari hii jibu halikupita kwa mke wangu. Lilitoka ukutani kwa Kiswahili safi. "Mwambie mume wako anauliza kama askari wa mpakani."

"Mwambie mama samahani."

"Mwambie sijamaliza." Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Alikuwa wa kwangu mwenyewe. Yule aliyekufuata wewe."

Mke wangu aligeuka akaingia jikoni nusu. "Ulisema alikufa kwa malaria."

"Nilisema walichoniambia."

Kuku waliparua majivu. Nilikuwa nimekuja kutafuta jibu kwa mtoto wangu, na hapo nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta wa mwanamke ambaye alikuwa amepewa karatasi ile ile niliyopewa mimi, miaka mingi kabla yangu. Nilitaka kumwambia pole na mila hainiruhusu kuingia. Nilimwambia ukuta pole. Ukuta ulijibu, "Asante, mwanangu. Kunyweni uji."

Niliporudi nilimweleza mama yangu, neno kwa neno. Nilidhani atasema, Nilikuambia, damu ni ya kule. Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema baba yangu alikuwa na ndugu wawili waliokufa kabla ya kuota meno ya pili, mmoja baada ya mwingine, wote wakilia mifupa. Ilisemekana ni jicho la jirani, mwanamke mmoja aliyekuwa akiwatazama sana watoto. Ukoo ulihama kwa ajili hiyo. Ndiyo sababu tunaishi hapa tulipo na si karibu na Rangwe walipozikwa babu zetu.

"Na yule jirani?"

"Alikufa," mama alisema. "Hatukwenda kumzika."

Akachambua maharage mengine. "Alikuwa hana mtoto," akasema. "Labda ndiyo maana aliwatazama."

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Mtoto anao. Ugonjwa mzima, si nusu. Nusu ni mimi, na nusu nyingine ni mke wangu.

Daktari alieleza vizuri. Alisema kila mmoja wetu ana mbegu mbili za damu, moja nzuri na moja yenye hitilafu, na kila mtoto anachukua moja kwa baba na moja kwa mama. Hakuna anayechagua.

"Kama kuchota mahindi gunia likiwa gizani," mke wangu alisema.

"Hivyo hivyo, mama."

"Kwa hiyo si mimi wala si yeye."

"Ni nyinyi wote, na si kosa la yeyote."

Mke wangu alitikisa kichwa. Hakulia hapo. Aliuliza kama yule wa kwanza alikuwa nao. Daktari alisema hawezi kusema kuhusu mtoto ambaye hakupimwa. Kisha akauliza alikuwaje, tukamweleza miguu, macho, mikono iliyofura, damu iliyokwisha ghafla. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nadhani ndiyo," alisema. Nilimshukuru kwa kusema nadhani.

Niliuliza maswali yangu. Kwanza, kama ugonjwa unaua watoto kabla hawajazaa, kwa nini haujaisha wenyewe? Alitabasamu, akaniuliza kama nilipokuwa mdogo nililazwa kwa malaria. Nilifikiri. Sikumbuki. Ndugu zangu walilazwa, mmoja alikufa. Mimi nilikuwa nikipata homa kidogo na kuamka. Akasema mwenye nusu, malaria haimwui kwa urahisi, na ndiyo sababu nusu hizi zimejaa mahali penye mbu wengi: ziwani, Migori, pwani, Uganda kule. Waliokuwa nazo ndio waliobaki kuzaa. Nilitoka humo nikijitazama mikono. Nimeishi kwa sababu ya kitu kile kile. Sijui nikiweke wapi hiki ninachokijua. Bado kiko nami tu, natembea nacho.

Swali la pili lilikuwa la mama. Alilileta mwenyewe, kwa Kiswahili chake. "Daktari, mimi nilikuwa naita majina, mtoto ananyamaza. Halafu huyu sikuita, na akanyamaza. Kwa nini?"

"Ulikuwa unamfanyaje wakati wa kuita?"

"Samli ya moto. Namsugua. Namweka kifuani."

"Basi ni hiyo, bibi. Damu yao inagandamana ndani ya mishipa midogo, ndiyo maumivu. Joto linaifungua. Ulikuwa unamtibu."

Mama aliitazama mikono yake. "Kwa hiyo ilikuwa mikono yangu," alisema, "na nikampa sifa shangazi ya mume wangu, ambaye hata hakunipenda."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mke wangu pia alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno, joto. Nilikuwa nikiona karai, na mikono midogo ndani ya unga mpaka kwenye viwiko, na macho yaliyofumbwa. Yeye alikuwa amejua kitu kuhusu mwili wake ambacho hakuna aliyemfundisha. Kila siku alijitibu mbele yangu, sokoni, mbele ya watu wote, tukicheka.

Tulipewa dawa za kila siku na tarehe za kliniki. Kisha muuguzi akamlaza mtoto chali na kutufundisha jambo moja zaidi. Chini ya mbavu za kushoto kuna kiungo kinachoitwa wengu. Kwa watoto hawa, wengu unaweza kuivuta damu yote ya mwili ndani yake kwa saa chache. Mtoto anakuwa mweupe midomoni, analegea, na anakufa huku watu wakitafuta malaria. Kila asubuhi, alisema, weka vidole chini ya mbavu na upime. Ukigusa kitu kigumu, hesabu kimeshuka vidole vingapi. Kikizidi kile ulichozoea, usingoje.

Mke wangu alijaribu, nami nikajaribu. Sikuhisi kitu, vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa mashine. Mama alitusogeza wote. "Mikono hii imekanda matumbo ya wajawazito miaka arobaini," alisema. Akagusa, akafumba macho. "Hapa. Kidole kimoja."

"Ndiyo hapo, bibi."

Tangu siku hiyo kazi ilikuwa yake. Kila asubuhi, kabla ya sala, mtoto alilazwa chali kwenye mkeka. Majirani walijua. "Bibi, leo ngapi?" walimwuliza akipita kwenda kisimani. "Kimoja," alijibu. Wengine walianza kumletea watoto wao wapimwe. Aliwagusa, na aliowatilia shaka aliwatuma hospitali, akiwasindikiza kwa ukali. Mmoja wa wale wanawake waliolalamikia unga, mjukuu wake ana miaka mitatu, na majibu yake yalikuwa kama yetu.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua zilianza kwa nguvu. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nikisaga mtama wa mtu, mashine ikinguruma, nilipomwona mama amesimama mlangoni akisema kitu. Sikusikia. Akainua mkono juu na kunionyesha vidole vinne.

Nilizima mashine mtama ukiwa ndani. Mke wangu alikuwa barabarani tayari, amekwisha kusimamisha bodaboda. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu na tumbo lilikuwa limejaa upande mmoja. Hospitalini mama hakungoja tuulizwe. Aliingia mbele ya meza akasema, "Sikoseli. Wengu. Jana kimoja, leo vinne." Yule muuguzi aliyetufundisha alimtazama mara moja tu, akamchukua mtoto mikononi mwake akaondoka naye akikimbia.

Nilitumwa damu. Foleni ilikuwa ile ile, dirisha lile lile, benchi nyuma yangu ambalo sikuligeukia. Mbele yangu walikuwa watu watatu. Nilikuwa nikisikiliza kila sauti ya mwanamke katika ukumbi ule. Aliyekuwa mbele yangu aliambiwa hakuna ya kundi lake, akaondoka ameshika ukuta. Zamu yangu ikafika. Nilitaja kundi. Mtu wa dirishani alifungua friji, akatafuta humo kwa muda, akarudi na mfuko mmoja.

"Umebaki huu," alisema. "Mlete mtu wa kurudisha damu."

Nilimpigia shemeji yangu wa Isebania, akasema anakuja, na kweli alikuja kesho yake. Lakini wakati ule nilikuwa nimebeba ule mfuko kwa mikono miwili. Ulikuwa baridi sana. Nilitembea nao polepole kama mtu aliyebeba mayai, na nilijua kwamba yule aliyeshika ukuta alikuwa nyuma yangu mahali fulani, na kwamba angeweza kuwa mimi. Sijui ilikuwaje kwake. Nilimtafuta baadaye sikumwona.

Damu iliingia tone kwa tone. Mke wangu alikaa upande wa kichwa, mama upande wa miguu, na kila mara mama aliingiza vidole chini ya shuka. "Vitatu," alisema. Baada ya muda mrefu, "Vitatu bado." Kisha akaacha kuhesabu, akawa anatazama midomo.

Alasiri mtoto alifungua macho. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama aliyekuwa akimenya ndizi. Mtoto alimtazama, akanyoosha mkono ule usio na sindano.

"Haya, huyu amerudi," yule mama alisema, akamkatia kipande.

"Mpe kidogo," mama yangu alisema. "Hana adabu ya kushukuru, huyo."

Alikula kipande chote, akanyoosha mkono tena.